Maswali Yenu: Mtu wetu kashikwa na imigresheni, tumlalamikie nani?

Salaam aleikum wasomaji. Mwezi huu barua nyingi ni za watu walioshikwa kwa ajili ya makaratasi, si wizi si kupigana, ni viza imeisha au kibali hakuna, na nyote mwauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yani mtu wetu akifanyiwa visivyo huko ndani twende mlango gani ambao si wa yule yule aliyemfungia. Barua nimezifupisha, majina nimetoa na vituo sivitaji manake kuna watu bado wako ndani.

SWALI: Dada, mimi ni shangazi mtu, niko Barani hapa Malindi. Mtoto wa kakangu alikwenda Italia na mke wake wa kizungu, wakaachana, kibali kikaisha akabaki anafanya kazi jikoni kwenye mkahawa. Juzi polisi wamemsimamisha stesheni ya treni, sahi yuko kituo cha kungoja kurudishwa. Kanipigia kwa simu ya mtu, dakika mbili tu, asema ana pumu na inhela yake ilichukuliwa siku ya kuingia na akiomba daktari aambiwa kesho. Tumemuuliza Mtaliano mmoja tunayemjua hapa asema hao hawana haki yoyote wameshavunja sheria. Ni kweli? Na tukilalamika si ndo watamharakishia ndege?

JIBU: Shangazi pole sana, na huyo mzee wa Kitaliano amekosea, tena vibaya. Kituo alichoko mtoto chaitwa CPR, waliomo humo hawatumikii kifungo cha kosa, wamewekwa ili wasafirishwe basi, na sheria yenyewe ya Italia ya wageni, ile ya 1998, inasema mtu akiwa humo heshima ya utu wake ihifadhiwe kamili na awe huru kuwasiliana na watu wa nje hata kwa simu. Hiyo ni sheria yao wao, hatujawaomba fadhila.

Jambo la inhela halingoji kwa hivyo anza na wakili leo leo. Utaniuliza wakili yupi na hatuna pesa. Yuko, hata kama mtoto hajui kama anaye. Polisi wa Questura, yani makao ya polisi ya mkoa, wakimweka mtu CPR wana saa 48 kupeleka karatasi zake kwa jaji, na jaji ana saa 48 nyingine kuamua kama abaki au atoke, na kikao hicho hakifanyiki bila wakili, asiyekuwa naye anapewa na serikali ndo inayolipa. Sasa watu wengi wakishatoka pale wamechanganyikiwa wanasahau hata sura ya wakili, kwa hivyo akipiga tena usianze kumuuliza amekula nini, muulize kwanza jina la yule wakili wa siku ya jaji, na namba ya faili kama iko kwenye karatasi aliyopewa. Ukilipata jina wampigia, wampelekea picha ya cheti chochote cha hospitali kinachoonyesha ana pumu, hata kama ni cha hapa Malindi cha zamani. Mtu haingizwi CPR mpaka daktari wa hospitali za umma amepima na kuandika kwamba hali yake inaruhusu kukaa pale, na wakili anaweza kudai apimwe upya. Mwenye pumu aliyenyang'anywa dawa, hilo ni swali la kumtoa kabisa wala si la kumletea panado.

Mlango wa pili ndo huu mnaoniuliza wote. Italia wana ofisi inaitwa Garante nazionale, kazi yake ni kuwaangalia watu wote walionyimwa uhuru wao, wa jela na wa CPR. Iliundwa kwa sheria ya 2013 ikaanza kazi 2016, haiko chini ya polisi wala chini ya kampuni inayoendesha kituo (manake hivyo vituo vinaendeshwa na kampuni na vyama vya ushirika kwa mkataba wa Prefettura, ofisi ya serikali kuu mkoani, polisi wao walinda tu, na hapo ndo kila mmoja humrushia mwenzake lawama). Watu wa Garante wanaingia CPR na chumba chochote bila kuzuiliwa. Na tangu 2020 sheria imesema wazi aliyefungiwa anaweza kumlalamikia Garante wa taifa au wa mkoa, kwa mdomo au kwa maandishi, hata kwenye bahasha iliyofungwa. Bahasha iliyofungwa shangazi, maana yake mlinzi hana ruhusa ya kusoma. Na wewe wa nje pia waweza kuwaandikia ukawaeleza, wala huna haja ya kuwa ndani.

Sasa namna ya kuandika, hapa ndo twapoteza. Usiandike wanamtesa ukaishia hapo, hiyo haimpi mtu kazi ya kufanya. Mwambie aandike hivi: "Niko kituo fulani tangu tarehe fulani. Nina pumu. Siku ya kuingia nilikuwa na inhela ya buluu, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na simu yangu nikapewa karatasi yenye namba. Usiku wa tarehe fulani nilibanwa kifua, nikaomba daktari saa tano, mlinzi wa kampuni akaniambia kesho, nikaomba tena asubuhi. Wenzangu wawili chumbani waliona. Naomba inhela yangu leo, na kama nakataliwa niandikiwe sababu." Mistari michache tu lakini kila mstari una kitu cha kukaguliwa, mfuko uko wapi, zamu ya usiku ule ilikuwa ya nani, daftari la daktari linasemaje. Aweke na nakala, hata kama nakala ni wewe umeandika kwenye daftari anavyokusomea kwenye simu. Kitaliano hakitakusumbua, Malindi hapa hukosi kijana wa kukuandikia barua safi ya Kitaliano.

Kuhusu ndege. Malalamiko hayawezi kuileta ndege na pia hayawezi kuizuia, na hili mulishike wote manake ndo kosa naliona kila mara, familia yatuma barua kwa Garante halafu yakaa yangoja ikidhani kesi iko huko. Kesi iko kwa jaji. Garante akiona mtoto ana haki anaandika mapendekezo kwa wanaosimamia kituo, hana uwezo wa kufungua geti. Wakili ndo anayepinga kukaa kwake, na kila wakitaka kumwongezea muda lazima warudi kwa jaji, na muda wenyewe kwa sheria ya 2023 waweza kufika miezi 18, si mchezo. Kama aliomba hifadhi ya ukimbizi basi siku hizi jaji wake ni wa Mahakama ya Rufaa si yule jaji mdogo wa amani anayeamua kesi za wengine. Kwenda Cassazione, mahakama yao ya juu, pia yawezekana lakini rufaa hiyo yenyewe haisimamishi kitu, ndo nasema msilale. Njia mbili zaenda pamoja, ya malalamiko na ya kesi, na moja haishiki nafasi ya nyingine.

Mwisho ubalozi wetu Roma waweza kupigiwa, ana haki ya kuonana na ubalozi wake. Ila muulize yeye kwanza. Kama ameomba hifadhi akisema anaogopa nyumbani, ukiwapigia ubalozi bila idhini yake umemchongea pasi na kujua.

SWALI: Mimi nina mashua, niko Langoni, Amu. Baharia wangu mmoja ni wa Tanga, ana miaka hapa, kaowa Matondoni. Alishikwa ijumaa asubuhi bandarini hana karatasi, leo jumanne yuko sero ya kituo kimoja na hajaona hakimu. Nikiuliza polisi naambiwa huyo ni wa imigresheni, nikienda imigresheni naambiwa yuko mikononi mwa polisi. Mkewe ampelekea chakula chafika nusu. Ni mgeni, ana haki gani?

JIBU: Nahodha, ahsante kwa kumsimamia mtu wako, wengi wangemkana. Haki anayo ile ile ungekuwa nayo wewe. Katiba ibara ya 49 yasema mtu aliyeshikwa, haikusema Mkenya aliyeshikwa, aelezwe kwa lugha anayoielewa kashikwa kwa nini, aruhusiwe wakili, na apelekwe kortini ndani ya saa 24. Saa 24 zikiishia wakati korti imefungwa basi siku ya korti inayofuata isimalizike kabla hajafika. Hesabu na mimi, kashikwa ijumaa asubuhi, saa 24 zimeisha jumamosi, korti imefungwa, siku inayofuata ya korti ni jumatatu. Jumatatu ilipofungwa korti bila yeye kuletwa sheria ishavunjwa. Wewe waniandikia jumanne.

Huo mchezo wa kurushana ukatae. Nenda kaunta na kalamu, omba namba ya OB, soma kaandikishwa na nani, saa ngapi, kwa kosa gani. Sero ni ya polisi, kwa hivyo OCS, mkuu wa kituo, ndo anayejibu kwa kila kitu kinachotokea ndani ya ile sero, chakula, mkeka, dawa, hata kama aliyemleta ni afisa wa imigresheni. Sheria ya 2014 ya watu walionyimwa uhuru yataja chakula, matandiko, na matibabu, na kile chakula kinachofika nusu kiandike vilevile kilivyo, siku gani, nani alikipokea mlangoni, kilikuwa nini.

Kwa upande wa polisi walalamikia IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Hiyo iliundwa kwa sheria ya 2011, si polisi wenyewe, na wana uwezo wa kuingia kituo kukagua sero. Polisi wana kitengo chao cha ndani cha kuchunguzana, ukitaka peleka na huko, lakini mimi usiniulize kama ni huru manake bosi ni mmoja. Sasa kumbuka IPOA ni ya polisi tu, afisa wa imigresheni hawamgusi. Yule wa imigresheni aliyekuzungusha, kukucheleweshea na kukukataa kukujibu ni kazi ya Ombudsman, ile Tume ya Haki ya Utawala, na kwa haki za binadamu kwa jumla kuna KNCHR, zote zina ofisi Mombasa na hazilipishi kitu. Ibara ya 59 yampa mtu yeyote haki ya kulalamika huko. Barua moja waweza kuituma kote kote, ukipeleka kwa mkono nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, bila mhuri kesho wataambiana hawakuiona.

Lakini kama nilivyomwambia shangazi wa Barani, IPOA hawatamtoa leo. Anayemtoa ni jaji. Malindi tunayo Mahakama Kuu, na kuna ombi la kudai mtu aletwe mbele ya jaji aelezwe ashikiliwa kwa nini, ibara ya 51 yampa haki hiyo na ibara ya 25 yasema haki hiyo haipunguzwi kwa sababu yoyote. Na usitishike na ada, ibara ya 22 yasema kesi ya haki kama hii haitozwi ada ya kufungulia, na korti yaweza kupokea hata barua isiyo na mpangilio wa kisheria ikibidi. Kanuni za 2013 zimerudia hivyo hivyo. Watu wa MUHURI na Haki Africa, mashirika ya kutetea haki kule Mombasa, wazijua sana kesi hizi, wapigie leo usingoje alkhamisi.

Akifika kortini atasomewa pengine kukaa nchini bila kibali, adhabu yake ni faini mpaka shilingi 500,000 au jela mpaka miaka 3 au yote mawili. Mwambieni asikimbilie kusema ni kweli ili yaishe haraka kabla hajaongea na wakili. Wengi wanakubali wakidhani jioni watapandishwa basi la Lunga Lunga, kumbe hakimu ameamuru arudishwe kwao baada ya kifungo na kifungo kikiisha hakuna gari, hakuna afisa, mtu yuko ndani bado na hana tena kosa analolitumikia. Hao ndo wanaoniumiza roho zaidi manake hakuna anayewahesabu. Ikifika hapo kila wiki ya kuzidi ni malalamiko mapya na ombi jipya kwa jaji. Na Tanzania ina ubalozi mdogo Mombasa, mkataba wa Vienna wa 1963 wampa haki ya kujulishwa kwao kwamba kashikwa, akitaka yeye.

SWALI: Mimi niliwahi kulalamika ofisi tatu kwa ajili ya mtu aliyeshikwa, sikujibiwa hata moja. Hizi tume na wakaguzi wanasaidia nini zaidi ya kula mshahara? Msomaji, Shela.

JIBU: Sikukatalii, na uchungu wako ni haki. Ofisi kuitwa huru haitoshi. Uingereza kuna kituo cha kufungia wageni cha Brook House, pale Gatwick, kina bodi huru ya wakaguzi wa kujitolea, kina wakaguzi wa jela, kina mpaka msuluhishi wa malalamiko, na bado mwaka 2017 BBC ilionyesha picha za kamera ya siri, alizochukua mlinzi mmoja wa pale pale, walinzi wakiwafanyia watu ukatili. Uchunguzi wa serikali uliotoa ripoti Septemba 2023 ulikuta matukio 19 ndani ya miezi mitano tu ambayo yangeweza kuhesabiwa kuwa mateso au udhalilishaji, ukasema wazi hata vyombo vya ukaguzi vilishindwa kuyaona au kuyasukuma. Ukapendekeza mambo 33, mojawapo mtu asishikwe zaidi ya siku 28. Wenzetu wa Uingereza mpaka walipopata ripoti ile hawakuwa na kikomo cha jumla cha siku.

Kwa hivyo mimi nikiambiwa chombo huru nauliza mambo matatu, aweza kuingia usiku bila kupiga simu kwanza, mshahara wake watoka wapi, na akipokea barua alazimika kujibu kwa siku ngapi. Hapa kwetu kazi imegawanywa vipande, polisi kwa IPOA, afisa kwa Ombudsman, haki kwa KNCHR, na mgeni wa imigresheni huanguka katikati ya vile vipande. Nataka kuona siku moja mtu mmoja mwenye jukumu la kupita kila sero ya Lamu na Malindi akiuliza nani hapa yuko kwa makaratasi na ana siku ngapi.

Lakini nakuomba usiache kuandika. Mwaka 2011 Watunisia walifungiwa Lampedusa kisha kwenye meli bandarini Palermo bila karatasi ya jaji, wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, na Desemba 2016 majaji wakasema Italia iliwafunga bila msingi wa sheria, haikuwaambia sababu, na haikuwapa pa kulalamikia. Wakaguzi wa Baraza la Ulaya waliingia CPR za Italia Aprili 2024 na ripoti yao ikataja watu kwenye kituo kimoja kupewa dawa za akili zilizochanganywa kwenye maji bila kuandikiwa. Na 2025 Mahakama ya Katiba ya Italia yenyewe imesema sheria haijaeleza ipasavyo namna watu wanavyowekwa humo, bunge lirekebishe. Mambo kama hayo hujulikana mtu wa ndani akiandika tarehe na saa. Barua zako tatu zitafute, zitumie tena kwa Ombudsman ukilalamikia kutojibiwa kwenyewe, manake kutojibu nalo ni kosa la utawala.

SWALI: Binti yangu yuko tarhil Saudia, kizuizi cha kungoja kurudishwa, alimkimbia mwajiri, wiki hatujamsikia. Kuna Garante huko? Mama, Watamu.

JIBU: Mamangu, sitakudanganya, hakuna. Saudia iliingia mkataba wa kupinga mateso 1997 lakini haimo kwenye itifaki inayoruhusu wakaguzi kuingia vizuizini. Tegemeo ni ubalozi wetu Riyadh, wao ndo wenye haki ya kuomba kumuona na wao ndo wa kumtolea hati ya dharura ya kusafiria kama pasipoti imebaki kwa mwajiri. Wapelekee jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba yake, namba ya iqama (kibali chake cha ukaazi), jina la mwajiri, na uulize kama amewekewa huruub, yani mwajiri amemripoti kuwa ametoroka kazi, kwa sababu hiyo ndo huwakwamisha wengi. Nakala kwa Idara ya Diaspora Nairobi. Na ajenti aliyempeleka usimwache anywe chai, mshtaki kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira, wao ndo waliomsajili, wajue kwamba mtu wake yuko ndani na yeye simu hashiki. Kama binti ametuma video akiwa ndani usiirushe mitandaoni sura yake ikiwa wazi, wape ubalozi na mashirika, hadharani ngoja mpaka atoke.

SWALI: Babangu alitoka Pemba, mimi nimezaliwa Mayungu. Mwezi uliopita nililazwa sero usiku mmoja naambiwa nirudi kwetu.

JIBU: Kwenu ni Mayungu. Serikali iliwatambua Wapemba kama jamii ya Kenya 2023. Kama umesajiliwa tembea na kopi ya cheti na asili iache nyumbani, kama bado tembea na risiti ya maombi. Na ule usiku mmoja wa sero upeleke IPOA wiki hii, na namba ya OB, na jina la aliyekwambia urudi kwenu.